Kilima Kilichoonyeshwa Mara Tatu

Nilikuwa nakamua ng'ombe. Mvua ilikuwa imetunyeshea wiki nzima, na asubuhi ile ndiyo kwanza imekatika, ukungu bado umelala bondeni. Mume wangu alikuwa ndani anatafuta kiatu cha pili. Nilimsikia ananiuliza kwa sauti kama mbwa amekichukua tena, nikamjibu aangalie chini ya kitanda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mwanamume niliyeishi naye tangu usichana wangu: angalia chini ya kitanda.

Ng'ombe akaacha kula, akanyanyua kichwa. Kisha ardhi ikanguruma. Watu waliokuja baadaye walisema ilikuwa kama radi, lakini radi hutoka juu. Hii ilitoka chini ya miguu yangu. Nikageuka, nikaona kilima cha babu kinatembea. Kinatembea kweli, na migomba yake ya chini imesimama wima, kama watu wanaoteremka sokoni. Halafu migomba ikalala, na mimi sikuona tena kitu.

Nilifukuliwa nikiwa nimebanwa na nguzo ya banda, tope hadi shingoni, mguu umevunjika. Ng'ombe alitoka mzima. Mume wangu alitolewa mchana, baada ya majirani kuchimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Mwenyekiti wa kijiji akaja na koti la mvua, akasimama karibu na mkeka niliolazwa, akasema, "Ni kazi ya Mungu, mama. Tushukuru kwa yote."

Nilikuwa na udongo mdomoni. Sasa udongo umetoka.

Kazi ya Mungu mimi naijua, nimebatizwa, nimebarikiwa, nimeimba kwaya hadi sauti ikaota kutu. Lakini kilima kile Mungu alikiumba kitupu. Waliokivisha nguo ni babu yangu na wanawake wa kijiji hiki, na waliokivua nguo nao nawajua. Kabla ya kufika kwao inabidi nieleze kilima chenyewe, na hapo mtaniwia radhi, maana hadithi yake inachekesha. Kilima hiki kilinichekesha utoto wangu wote na ujana wangu wote kabla ya kunizika.

Babu yangu alikuwa jumbe wakati wa Mwingereza. Kwa vijana wasiojua: juu ya jumbe alikuwepo zumbe, ndiye mtawala wetu Wasambaa, juu ya zumbe alikuwepo Bwana DC kule Lushoto, na juu ya Bwana DC alikuwepo mfalme ambaye hakuna aliyemwona. Chini ya jumbe walikuwepo watu. Kila aliyekuwa juu alipotaka kitu alimwambia wa chini yake, na mwisho wa ngazi ilikuwa kazi ya babu kugeuka na kuwaambia majirani zake, watu alioingia nao jandoni. Kodi alikusanya yeye. Kesi za mipaka na mbuzi waliokula maharage ya wenyewe aliamua yeye. Watu wakitakiwa barabarani, aliyepita nyumba kwa nyumba ni yeye.

Mimi nilimkuta ni mzee asiye na cheo. Ujumbe ulifutwa zamani, ila watu waliendelea kumwita Jumbe, na yeye aliendelea kuitika. Alikuwa na koti la kaki lenye vifungo viwili vya asili na vingine vya nguo za bibi, kimoja chekundu. Alipenda kutiiwa, alipenda kanisa, na alipenda pombe ya miwa, na hivyo viwili vya mwisho viligombana ndani yake maisha yake yote. Alitengwa na meza ya Bwana kwa ulevi, akatubu, akarudishwa kundini, akatengwa tena. Mara moja mchungaji alimwuliza mbele ya usharika mzima, "Mzee, safari hii utakaa nasi hadi lini?"

"Hadi miwa ikomae, mchungaji," akajibu babu.

Hata wazee wa kanisa walicheka. Tena hawakuweza kumtupa moja kwa moja, kwa sababu ndiye aliyejua kunadi. Kwetu, asiye na fedha huleta sadaka ya mazao, na ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa nje: mkungu wa ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu. Babu alisimama juu ya jiwe na koti lake, akainua kuku, akamtazama mtu mmoja mmoja kama enzi zile za kodi. "Kuku huyu ni wa mjane," alisema. "Haya, nani anataka kwenda nyumbani kula kuku wa mjane kwa bei ya yai? Asimame tumwone." Hakuna aliyesimama. Bei ikapanda. Bibi alisema ile ndiyo kodi pekee ambayo mume wake aliwahi kuikusanya huku watu wanacheka.

Na kila jioni, kabla jua halijaingia nyuma ya mlima, alikuja rafiki yake. Sisi watoto tulimwita Babu Mfungwa. Tulidhani ni jina lake. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. Akifika mlangoni alibisha hodi kwa fimbo, akasema, "Bwana Jela yupo?"

Babu akajibu kutoka ndani, "Mfungwa gani anayejileta mwenyewe?"

"Aliyesahau blanketi lake."

Basi hapo bibi alikwisha kuteremsha sufuria la makande, maana alijua kwamba hawa wawili hawaachani hadi chakula kiishe. Nilikuwa msichana mkubwa nilipokuja kuelewa kwamba haikuwa mchezo wa maneno tu. Babu yangu alimfunga kweli mtu huyu. Na alimfunga kwa ajili ya kilima.

Habari yenyewe niliisikia mara nyingi hata sijui tena ni nani aliyeianza. Babu aliisimulia, Babu Mfungwa akamsahihisha, bibi akawasahihisha wote wawili. Ilikuwa hivi. Serikali ya Mwingereza iliamuru kila shamba la mteremko lilimwe matuta ya kukinga maji, kukata mlima kwa upana, tuta juu ya tuta. Asiyelima, faini au kifungo. Watu wakakataa. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, mashamba yalikuwa mengi na madogo, na matuta yalimeza ardhi ya kupandia. Wanawake ndio walioumia zaidi kwa sababu jembe kwetu lilikuwa lao. Wakaja uani kwa babu, wakakaa chini, hawakusema kitu. Walikaa hadi bibi akashindwa kufagia uani kwake. Babu alisema hajawahi kuogopa simba wala Bwana DC kama alivyoogopa wanawake wale walionyamaza.

Akawaambia, "Nipeni kilima kimoja."

Kilikuwa kilima chake mwenyewe, hiki cha juu ya nyumba yangu. Akaita msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, akachinja, akapika pombe ya miwa kwa mitungi. Wakalima matuta kilima kizima, pande zote, kuanzia kisogoni hadi miguuni, na kingo zote wakapanda majani ya ng'ombe yashike udongo. Bibi alisema watu walilima wanaimba, kwa kuwa kilima kimoja kwa watu wote si adhabu, ni sherehe. Basi kikawa kimependeza. Vilima vingine vyote wakaviacha kama Mungu alivyoviacha.

Sasa anayeijua milima yetu anajua jambo moja: huku njia haziendi moja kwa moja. Njia inazunguka, inapanda, inaingia msituni, inatokea mahali ambapo mgeni hajui tena jua limetoka wapi. Siku Bwana Shamba wa Kizungu alipokuja kukagua, babu alimpokea chini mtoni, akampitisha upande wa maji. "Hiki kimoja, Bwana." Mzungu akatazama matuta, akaridhika. Wanawake walikuwa wanapalilia, wamejifunga kaniki. Babu akamwongoza kupitia msituni, mwendo mrefu, akamwonyesha vipepeo na mti ambao alidai babu yake mwenyewe aliuona ni mche. Wakati huo wanawake walipanda kilima mbio, wakavuka kisogo, wakabadili nguo, wakaanza kupalilia upande wa pili. Mzungu alipotoka msituni akakuta kilima kingine. "Hiki cha pili, Bwana." Kisha wakala, na babu alihakikisha kwamba mgeni anakula sana, mayai na mapeasi na maziwa ya mgando, halafu akampitisha njia ya juu kwenda upande wa tatu, unaotazama Mlalo.

Na bibi yangu alikuwepo pande zote tatu, na baba yangu mchanga mgongoni. Ndiye pekee ambaye hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto.

Mzungu akasimama. Akamtazama. "Jumbe," akasema, "mwanamke huyu nimemwona asubuhi."

"Yule ni pacha wake, Bwana."

"Na mtoto?"

"Naye pacha," akasema babu.

Bibi alisema alilazimika kuinama na kupalilia mahali palipokwisha kupaliliwa, ili mzungu asione mabega yanavyotikisika.

Hapo ingekwisha vizuri. Lakini juu ya njia, kwenye jiwe, alikuwa amekaa mtu mmoja ambaye hakuja kwenye msaragambo. Alisema tangu mwanzo kwamba hachimbi tuta la amri na wala hachimbi tuta la uongo. Pombe yake alikuja kunywa, hilo hakulikana. Mzungu alipofika karibu, mtu yule akasimama, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Bwana, kilima hiki unakiona tangu asubuhi. Ni hiki hiki. Wamekuzungusha."

Babu alisimulia kwamba alisikia nzi wote wa mlima ule wakinyamaza. Mzungu akamgeukia.

"Huyu, Bwana," babu akasema, "alianguka kwenye mti utotoni."

Akaamuru askari wake wamchukue. Wakamfungia kwenye ghala la mahindi pale barazani kwa babu, na mzungu akateremka ameridhika, na kabla ya kuondoka alivua koti lake la kaki akampa babu kwa kazi njema. Kijiji hakikusumbuliwa tena kuhusu matuta. Migongo ya watu wote ilipona, isipokuwa mmoja ambao ulilalia magunia.

Alifungwa siku ngapi? Hapo ndipo ugomvi wao mtamu ulipokaa. Babu alisema usiku mmoja na nusu. Babu Mfungwa alisema siku nne. Nilipokuwa darasa la pili ilikuwa wiki. Kila mwaka kifungo kiliongezeka. "Tena mkeo," alimwambia babu, "alinilisha ghalani kuliko anavyokulisha wewe mezani. Shemeji, kweli si kweli?" Bibi akasema kweli, kwa sababu mfungwa alikuwa na adabu ya kusema asante.

Niliuliza siku moja ilikuwaje watu hawa wakawa marafiki. Babu akatoka kwenda kutazama mbuzi. Bibi ndiye aliyenieleza, tunachambua mnavu.

Uhuru ulipokwisha kuja na ujumbe ukafutwa, uliitwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Viongozi wapya wakauliza nani ana neno juu ya wale wa zamani. Watu wakatazama chini. Walikuwa wamezoea. Babu Mfungwa akasimama peke yake, akasema, "Mimi nina neno. Nilisema kweli, nikafungwa. Nataka anijibu hapa hapa, watu wakisikia."

Babu alikuwa amekaa benchi la mbele na koti lake. Angeweza kusema aliagizwa. Angeweza kusema ilikuwa serikali ya mkoloni, na viongozi wale wapya wangempigia makofi, kwa sababu siku zile kila kosa lilikuwa la mkoloni. Bibi alisema alisimama, akalivua koti, akaliweka benchini. Akasema, "Ni mimi. Alisema kweli na mimi nilijua ni kweli, nikamfunga ili kuponya migongo yenu. Lakini mgongo wake nao ulikuwa mgongo. Ni mimi, na si mtu mwingine."

Basi, hayo tu. Wazee wakamtoza mbuzi. Mbuzi akaliwa na wote wawili na watu wao, pombe ikanywewa, na Jumapili iliyofuata kanisa likawatenga wote wawili pamoja. Urafiki ulianzia hapo, nje ya mlango wa kanisa, wawili wamesimama kusikiliza nyimbo kupitia dirishani.

Mwaka ule ule vijana walipanda kilima na majembe kubomoa matuta. Ilikuwa furaha ya uhuru. Huku na huko milimani watu walisawazisha matuta ya mzungu wakiimba. Kwetu kilikuwepo hicho kimoja tu cha kusawazisha. Babu hakuwazuia, alisema hana tena mdomo wa kuzuia. Aliyewazuia ni Babu Mfungwa. Alijilaza juu ya tuta la kwanza kwa urefu wake wote, akawaambia, "Mama zenu walilima hapa. Mzungu hakushika jembe hata siku moja. Kijiji kizima ni mimi peke yangu sikuchimba, kwa hiyo mwenye haki ya kubomoa ni mimi peke yangu. Na leo sina nafasi, nimelala."

Vijana wakacheka, wakarudi. Kilima kikabaki.

Mimi nimekulia juu yake. Tulikata majani ya ng'ombe kingoni tukiwa na mundu mkubwa kuliko mkono. Kwenye matuta yalikaa maharage, viazi, karoti, na udongo wake ulikuwa mweusi, unaingia jembe kama unakata ugali. Mvua ikinyesha tulisimama chini kutazama maji yanavyoteremka tuta kwa tuta, polepole, yakifika mtoni yamekuwa safi hata unaona kokoto. Mto wa bonde la jirani siku hizo hizo ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi. Wakati wa likizo tulibandua maganda ya migomba tukateleza nayo kutoka tuta la juu, tunaruka moja baada ya jingine, hadi mmoja akavunjika jino, na babu akatoa hukumu rasmi, amevaa koti, kwamba kosa ni la mgomba.

Nilipoolewa babu alinikatia kiwanja miguuni mwa kilima. Mtoto wa kike kukatiwa ardhi haikuwa desturi, na baba yangu mdogo alinung'unika sana. Nalitaja hilo kwa kuwa mtoto wake mtakutana naye mbele. Mume wangu alitoka upande wa Bumbuli kwenye chai, hakuzoea matuta. Siku yake ya kwanza shambani alilima kwa kuteremka, na kutoka ng'ambo ya bonde ikaja sauti ya Babu Mfungwa, "Wewe mkwe! Unamchania mlima nguo?" Mume wangu alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa mtu wa kucheka. Sikumwona akipita kwenye tuta lile baadaye bila kutabasamu.

Kwenye harusi yetu matarumbeta ya kanisa yaliteremka kwa njia ya juu, na mpiga ngoma kubwa akakosea tuta, akapotea mbele ya macho yetu. Tukaona ngoma inateremka peke yake. Babu Mfungwa akatoa hotuba. Kifungo chake kilikuwa kimefika mwezi mzima. Babu akasimama kupinga kama mtu aliyeapishwa mahakamani, bibi arusi na bwana arusi tukasahauliwa, na hapakuwa na harusi iliyochekesha kama ile.

Babu alikufa mzee, amerudishwa kundini, miwa haijakomaa. Kaburini Babu Mfungwa alitupa udongo wake akasema, "Tangulia, Jumbe. Mimi namalizia kifungo." Hakukimalizia muda mrefu, alimfuata.

Sasa nawataja. Majina siandiki, huku kwetu ukisema kazi ya mtu umekwisha kumwonyesha kwa kidole.

Wa kwanza ni mtoto wa baba yangu mdogo, anayekaa Lushoto mjini, mwenye lori la kupeleka kabichi na viazi Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyerithi sehemu ya juu ya kilima. Alileta vibarua kutoka mbali, wasiotujua, akawaambia wasawazishe matuta, wang'oe majani, walime kwa kuteremka ili apate mistari mingi. Na miti ya miwati ya kisogoni akaikata yote, ikawa mkaa na nguzo.

Wa pili ni mwenyekiti wa kijiji, aliyekubali yote yafanyike, na ambaye mistari minne ya kabichi za juu ilikuwa yake. Vibarua wenyewe walituambia wakati wa kunywa maji kwangu.

Wa tatu ni afisa ugani wa kata. Nilimwita nikampandisha hadi juu. Alitazama, akatikisa kichwa, akasema kweli si vizuri, akapanda pikipiki yake. Hakuandika, hakusema, hakurudi.

Nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji. Mume wangu alinisindikiza, akakaa karibu yangu. Nilisimama, nikasema kilima kimeshikwa na yale matuta na yale majani, vikiondoka kitateremka, na chini yake kuna watu. Sikuishia hata darasa la tano, lakini hilo halihitaji darasa. Mwenyekiti akanisikiliza anatabasamu. Kisha akasema, "Mama, hayo ni matuta ya mkoloni. Babu yako alikuwa mtu wa mkoloni, tunajua. Sasa unataka aturudishe utumwani kutoka kaburini?"

Watu wakacheka. Na mtoto wa baba yangu mdogo, aliyekuwa amekaa kando yake na simu mkononi, akaongeza kwamba huyu dada yake ana uchungu wa urithi, na akili yake si nzima sana tangu zamani.

Nilikaa. Mume wangu akaninong'oneza, "Wewe nawe ulianguka kwenye mti?" Nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka katikati ya mkutano ule, na hiyo wakaihesabu kuwa ushahidi. Masika yaliyofuata ndiyo yale niliyoanza nayo.

Nimepona mguu. Naishi kwa mwanangu, upande wa pili wa bonde, na mlangoni kwake nakitazama kilima kila siku. Nusu yake iliteremka. Nusu imesimama, upande wa msitu, matuta yake bado yapo na majani yake bado ya kijani, na chini yake zipo nyumba za majirani walionifukua kwa masufuria yao. Juma lililopita vibarua walirudi. Wameanza na tuta la juu. Lori lilikuwa limeegeshwa barabarani, sikuhitaji kuuliza la nani.

Nilimtuma mwanangu kwa mwenyekiti. Akarudi na jibu lile lile la koti la mvua: ya nyuma yamepita, ilikuwa kazi ya Mungu, tusitafute mchawi. Mimi sitafuti mchawi. Mchawi hufanya kwa siri, na nyinyi mlifanya mchana, na mlionywa mbele ya watu, na mlicheka.

Kwa hiyo naandika. Nataka uitwe mkutano kwenye uwanja wa shule kabla ya masika, na vibarua washuke leo, si kesho. Wewe mtoto wa baba mdogo uje, ukae benchi la mbele. Mwenyekiti ukae karibu yake, na afisa uje na pikipiki yako. Mbuzi wenu siwataki, wala sitaki pole tena, nimepewa pole za kutosha kujengea nyumba. Nataka mtu mmoja kati yenu asimame aseme ni nani aliyeruhusu kilima kivuliwe, wakati alikwisha kuambiwa. Asitaje mvua. Asimtaje mkoloni. Asimtaje Mungu. Mume wangu alikufa anatafuta kiatu, na mnamfahamu, mlikula kwake.

Ni nani? Nijibuni.